Mlezi wa Faili

Ilitangazwa mjini Kumasi, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba Idara ya Usanifu Majengo imeingia rasmi katika zama mpya: kuanzia Jumatatu, wanafunzi wa mwaka wa pili watachora jengo jipya la idara kwa pamoja, mtandaoni, katika faili moja. Na ili ushirikiano huo wa mbali usimamiwe ipasavyo, wote arobaini na sita watakaa katika ukumbi mmoja.

Profesa Ebo Quansah-Turkson, mkuu wa idara, aliuandika waraka huo mwenyewe, akausoma mara nne kwa raha zake. Kanuni ya kwanza ilipiga marufuku kuongea ana kwa ana, maana mdomo hauko mtandaoni. Ya pili iliagiza kila badiliko lichapishwe na mashine papo hapo, na karani alibandike ukutani kila asubuhi, pamoja na jina la mhusika na saa. Ya tatu: atakayefuta kazi ya mwenzake atarudia mwaka, bila kujali cheo. Wanafunzi hawana vyeo, lakini maneno hayo yalimpendeza sikioni, akayaacha.

Kazi ikaanza. Araba Essilfie, aliyepewa ngazi, akaona nguzo ya mwenzake Kofi imetua katikati ya choo. Kofi alikuwa umbali wa kiwiko. Araba akamwandikia ujumbe, na kwa mtandao ule wa kubembeleza, ukafika baada ya chakula cha mchana.

"Si ungeniambia tu, dada?" Kofi alinong'ona.

"Unataka tufukuzwe? Funga bakuli lako, niandikie."

Profesa alikuwa na ufunguo wa faili, kwa cheo alichojipa cha Mlezi wa Faili. Alhamisi jioni, wanafunzi wameshatoka, akaingia kukagua huku anakula waakye, wali wake wa maharage. Kwenye mchoro, ofisi yake ya ghorofa ya tatu ilikuwa finyu mno. Kando yake ngazi zimejitandaza, na wala hakuna mtu anayezikalia! Akazifuta. Hakuhesabu kwamba amefuta kazi ya mtu. Alihesabu kwamba ameirudishia idara nafasi yake.

Ijumaa asubuhi likaja jopo la wakaguzi kuukagua mchoro. Kiongozi wake, Bi Mansa Kyerematen, hakuwa mtu wa kucheka na nyani.

"Profesa, watu wanapandaje juu?"

Profesa akautazama mchoro. "Ngazi alipewa huyu binti," akasema, akimnyooshea Araba kidole. "Uzembe mtupu. Atarudia mwaka. Sheria ni msumeno."

Machozi yalimlenga Araba. Siku nne nzima za kuchora! Lakini kanuni ya kwanza aliiheshimu: hakufungua mdomo, alionyesha ukuta tu.

Bi Mansa akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Alhamisi, saa kumi na moja na robo. Mlezi wa Faili amefuta ngazi zote. Mlezi wa Faili amepanua ofisi ya Mlezi wa Faili."

Simu arobaini na sita zikaanza kutetemeka mezani.

"Msumeno, eeh?" Bi Mansa akageuka. "Na hapa pameandikwa bila kujali cheo. Maneno mazuri haya, baba. Kayaandika nani?"

Profesa naye akaiheshimu kanuni ya kwanza.

Jumatatu kikaongezwa kiti cha arobaini na saba, kando ya Araba. Aliyekikalia alikuwa bado anahangaika na nywila pale ujumbe wa kwanza ulipomfikia, kutoka umbali wa kiwiko:

"Karibu kundini, Mzee. Ngazi tumekuachia wewe. Washa kamera."