Siku Niliyomkemea Doto

Leo nimeaibika mbele ya vitivo vitatu vya chuo kwa mpigo. Nawaambieni mwenyewe kabla hamjaipata kwa Salum, maana Salum akishaisimulia nitakuwa nimefanya hata yale ambayo sikuyafanya.

Mnajua niko kwenye ule utafiti wa wazee. Kwa asiyejua: watu wa tiba, watu wa uhandisi na sisi wa sayansi ya jamii tunatengeneza mdoli wa kufundishia wauguzi. Ni mdoli wa kizee, ukubwa wa mtu mzima, analala kitandani na anapumua kwa pampu iliyo chini ya kitanda. Watu wa tiba walisema apumue vipi, Salum na wahandisi wenzake wakamuunda. Kazi yangu ni kwenda vijijini kuwauliza wazee wangependa muuguzi azungumze nao namna gani. Kwa kifupi, mimi ndiye mtaalamu wa heshima. (Endeleeni tu kusoma.)

Wahandisi wamempa mdoli jina la Doto. Sikuuliza kwa nini. Nimesoma na kina Doto tangu shule ya msingi, ninajua kabisa kwamba Doto ni pacha anayezaliwa nyuma ya Kulwa, lakini akili haikufika huko.

Leo alikuwa anakuja mwenyekiti wa wazee wa kijiji kimoja upande wa Kigongo. Akikubali, ninaingia kijijini kwake kufanya utafiti. Akikataa, sina wazee, sina utafiti, narudi Ukerewe kumweleza mama kwa nini sihitimu. Dokta Mkama, mama anayetusimamia, alinipigia jana. "Bahati, mwanangu, usiniangushe. Yule mzee anaangalia adabu kwanza."

Basi nikawahi asubuhi kwenda kufanya mazoezi ya maneno yangu mbele ya Doto, katika kile chumba kilicho nyuma ya karakana.

Mvua ilikuwa inatoka ziwani, mbingu imefunga, na ndani ya chumba kulikuwa na giza la saa moja usiku. Taa moja ilikuwa inawaka kwa kusitasita. Kwenye karakana hapakuwa na mtu hata mmoja, mashine zote kimya. Doto alilala pale pale alipo siku zote, shuka hadi kidevuni, amefumba macho. Pshii, anatoa pumzi. Kimya. Pshii tena. Sijawahi kukipenda kile chumba. Ukikaa humo na kitu kinachopumua lakini hakiishi, unajikuta unaongea kwa sauti ya chini bila kujua sababu.

Nikajipa moyo. Nikatundika mkoba wangu ulioloa kwenye mguu wa Doto uliosimama chini ya shuka. Nikakaa kitandani, nikamsogeza kwa makalio ili nipate nafasi. Alikuwa mzito kuliko jana. Tena alikuwa na harufu ya ugoro, nikasema kimoyomoyo kwamba wahandisi sasa wamefika mbali.

Nikaanza hotuba. "Mzee wetu mpendwa, tumekuja kwako kwa unyenyekevu." Haikunipendeza. Nikamvuta Doto sikio, nikamwambia, "Usininunie hivyo, najua ni mbovu. Lakini wazee wenyewe watasikia nusu tu, nusu nyingine watakubali kwa ajili ya soda."

Hapo ndipo umeme ukakatika.

Taa ikazimika. Feni ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Nikasikia mvua juu ya bati, na chini ya sauti ya mvua nikasikia kingine.

Pshii.

Nikasema ni betri. Halafu nikakumbuka Salum alivyolalamika jana kwamba betri ya Doto haijafika kutoka Dar. Nikatazama kifua. Kinapanda. Kinashuka. Kinapanda. Nikainama chini ya kitanda kutafuta pampu, huku nikijiambia kwamba mtu aliyesoma haogopi waya.

Pampu haikuwepo. Waya haukuwepo. Kulikuwa na jozi ya makubazi ya matairi, yamepangwa vizuri, yana tope bichi.

Nani anampangia mdoli viatu? Na tope lile limetoka wapi, ikiwa Doto hajawahi kushuka kitandani?

Nikainuka taratibu, nikamshika mkono. Ulikuwa na joto. Nikaubonyeza chini ya kidole gumba, na ndani yake kitu kikanijibu, dundu, dundu. Nataka mnielewe hapa. Niliogopa kweli, hofu ile ya utotoni ambapo unataka kukimbia na miguu inakataa. Bibi yangu alikuwa akisema kisiwani kuna vitu huingia ndani ya vitu vitupu, na mimi nilikuwa nimekikalia kitu kitupu, nimekivuta na sikio.

Mimi ni mtoto wa kiongozi wa kwaya. Miguu ilipokataa, mdomo ukafanya kazi. Nikachukua chupa yangu ya maji, nikafungua, nikammwagia usoni, nikanyoosha mkono na kukemea kwa sauti ya kanisa la watu elfu.

"Wewe uliyeingia ndani ya Doto, kwa jina la Yesu, toka! Nasema toka!"

Doto akafumbua macho. Akapangusa maji kwa kiganja. Akaketi.

"Haya," akasema kwa upole. "Natoka."

Nikarudi nyuma hadi mlangoni, na mlango ukafunguka mgongoni mwangu. Nikageuka. Uso ule ule ulikuwa unanitazama kutoka mlangoni, mashavu yale yale, kope moja imelala. Wawili! Mmoja mbele, mmoja nyuma. Sikumbuki nilivyofika chini ya kitanda, lakini nilifika.

Kutoka kule chini niliona miguu. Viatu vya Dokta Mkama. Viatu vya wageni, wakubwa wa vitivo vyote vitatu waliokuja kumpokea mwenyekiti. Raba za Salum, aliyekuwa amembeba Doto wa kweli begani. Halafu miguu mitupu ikashuka taratibu mbele ya pua yangu, ikawa inapapasa sakafu.

"Binti," sauti ikasema, "naomba viatu vyangu."

Nikavisukuma mbele kwa mikono miwili, nimepiga magoti kwa kuwa chini ya kitanda hakuna namna nyingine ya kukaa. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hapo sasa umeamkia vizuri."

Ndivyo nilivyokutana na Mzee Kulwa, mwenyekiti wa wazee. Uso wa Doto ulitengenezwa kwa kuchukua umbo la uso wake. Alifika mapema kuliko ilivyotarajiwa, Salum akamlaza ili alinganishe rangi ya ngozi, akaondoka na Doto na pampu yake kwenda kumrekebisha kope.

"Mzee, kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza nikitamani ardhi inimeze.

"Kijana aliniambia nilale kimya, nisijitikise. Uliponitundikia mkoba nikasema ndio utafiti wenyewe. Uliponivuta sikio nikasema wasomi wana mambo. Uliposema nitoke, nikajua tumemaliza."

Mkubwa wa kitivo cha tiba aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Dokta Mkama hakucheka. Alikuwa ananitazama kwa ule utulivu wa mama anayesubiri wageni waondoke.

Mzee Kulwa akafunga vifungo vya shati, akamsogelea Doto na kumtazama muda mrefu. Walikuwa uso kwa uso.

"Huyu," akasema, "siku nikifa mimi, yeye ataendelea kupumua?"

Nina maswali mengi niliyoyaandaa kuwauliza wazee, na hilo halimo. Tulimchukua uso, hakuna aliyefikiri kumuuliza anajisikiaje kuuacha kwetu.

"Sijui, babu," nikasema. Ndilo neno la kwanza la maana nililotamka leo. "Lakini ningependa kukuuliza wewe, na wenzako."

Akanitazama kama anayenunua ng'ombe. Maji bado yalikuwa yanamdondoka kwenye ndevu.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Ruhusa nimetoa."

Nimefika chumbani kwangu sasa hivi, na Dokta kanitumia ujumbe. Mzee ameshafika kijijini, ameshawasimulia, na wazee wote wamekubali kuhojiwa, wakiwemo waliokuwa wamekataa kabisa mwezi uliopita. Wana sharti moja tu: aje yule binti wa kutoa pepo, na aje na maji yake. Kwa hiyo nawaomba, nyinyi angalau msicheke, niachieni kicheko chote cha Jumamosi.