Nani Atashika Mwiko Harusini kwa Salma

Jumatatu, tarehe 4 Agosti. Kinole.

Wamenivua mwiko! Mimi! Hidaya binti Kibwana! Niliyepika harusi zote za ukoo huu tangu Yusuph hajaota meno. Na ni Yusuph huyo huyo, mwanangu wa kumzaa, aliyepiga simu asubuhi kuniambia kwamba harusi ya mjukuu wangu Salma itapikwa na mpishi wa kukodi. Wa mjini. Eti nipumzike. Eti yeye ndiye mjomba wa bibi harusi na neno lake ndilo neno. Nikamwambia mjomba ni mjomba, lakini mjomba katoka tumboni mwa nani? Akakohoa. Akasema Mama, shughuli ya mwisho ulikaa chini kukoroga ukashindwa kunyanyuka. Uongo. Nilinyanyuka. Nilisaidiwa na watu wanne, lakini nilinyanyuka.

Bibi asiyepika harusini ni nani? Anakalishwa kwenye kiti kama begi la mgeni. Watu wanampita, shikamoo, shikamoo, wanakwenda jikoni kwenye maneno. Sitaki.

Nimefikiri mpaka chai ikapoa. Nimepata! Nimempigia Yusuph kwa sauti ya upole, sauti ambayo sina, nikasema nimekubali. Ila mpishi nimchague mimi. Nitapita kila kibanda na kila mgahawa kuanzia huku milimani mpaka Mikese, nionje, niseme nani anafaa. Kafurahi mpaka kaniombea dua. Hajui. Wote nitawakuta wabovu! Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 16. Mpishi akikosekana mwiko utarudi wenyewe mkononi mwangu. Na wanasema darasa la nne si kitu.

Jumanne, tarehe 5. Kiroka.

Nimeshuka na lori la ndizi. Nimekaa mbele kwa dereva, si juu ya mikungu. Aisha kanipokea. Huyu ni mdogo wake Salma, anasoma chuo. Yusuph kamtuma afuatane nami aandike alama kwenye simu. Alama! Kama mtihani.

Tumeanzia kwa Pazi, mgahawa wa mabati kando ya barabara. Pazi ni mwanamume mzima, anapika mwenyewe, kafunga kanga juu ya suruali. Kaleta wali, maharage ya nazi na samaki mkavu. Nikaonja maharage. Mabaya. Yamelainika, nazi nzito, kitunguu hukioni ila unakisikia. Mabaya kabisa. Nikaonja tena nipate uhakika. Uhakika haukutosha, nikaomba bakuli la pili.

Pazi kauliza nimeonaje. Nikamwambia kanga haijamkaa. Kacheka, kasema Bibi, kanga ni ya mke wangu, mapishi ni ya mama yangu, cha kwangu hapa ni jasho tu. Nikamwambia ndiyo maana chumvi imezidi.

Aisha kauliza aandike ngapi. Nikasema mbili kwa kumi. Kaipiga picha sahani yangu. Ilikuwa imebaki mwiba mmoja. Kaituma kwenye kundi la ukoo! Yusuph kajibu kwa vikatuni vya kucheka, safu nzima. Watoto wa siku hizi wanasomeshwa kila kitu isipokuwa haya.

Jumatano, tarehe 6. Morogoro mjini.

Kosa la jana ni kula. Leo nimekuja na mbinu. Nimemwambia Aisha nimefunga, nitahukumu kwa macho na pua. Kauliza saumu ya Jumatano ni ya nini. Nikamwambia ni ya kufidia Ramadhani, na asimhoji mtu mzima.

Mgahawa wa kwanza, karibu na soko: wali mbichi. Nilijua kwa kuutazama. Moja kwa kumi. Wa pili: mboga imepikwa kwa mafuta ya kuogelea. Moja. Mambo yanakwenda! Wa tatu ni wa Mama Evance. Anapika supu na chapati. Lahaula! Ile chapati anaisukuma, anaipaka mafuta, anaikunja kama kilemba, anaisukuma tena. Ikigusa chuma inavimba kama mtu aliyetukanwa. Harufu ikaja ikakaa mapajani mwangu.

Nikaaga kwamba nakwenda nyuma kutia udhu. Huko nyuma ndiko jiko liliko. Sikujua. Nilijua, lakini sikujua liko karibu vile.

Aisha kanikuta. Nikamwambia mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi. Kasema Bibi, ncha ya ulimi haimalizi chapati mbili. Nikasema ni moja na nusu. Mama Evance, kimbelembele, kasema hapana, ni tatu.

Kapata nane. Aisha kaandika mwenyewe bila kuniuliza. Mungu anajua nia yangu. Kwa hiyo tusiongee sana habari ya leo.

Alhamisi, tarehe 7. Mikese.

Hapa mabasi yanasimama, watu wanashuka wakinyoosha viuno, wanakula mbio mbio. Mgahawa una wapishi wanawake wawili tu. Nimekaa nimeona wanavyosonga ugali. Hawakandamizi! Wanabembeleza! Nilivumilia mpaka kope zikaniuma. Nikaingia jikoni nikamnyang'anya mmoja mwiko, nikamwambia tazama, ugali si mtoto mchanga. Wakasema ahsante Bibi, shikamoo Bibi, tufundishe. Nikafundisha. Basi la kwanza likaja. Nikafundisha. La pili. Mwenye mgahawa kanifunga aproni kabisa. Alasiri ndipo Aisha kaniambia kwamba wanafunzi wangu wamekaa kivulini wanasukana nywele.

Wivu. Hakuna abiria hata mmoja aliyebakisha.

Kauliza alama. Nikasema moja, wavivu wakubwa. Kauliza na ugali? Nikasema ugali tisa! Kasema mgahawa ni chakula chake, basi tisa. Nimefungwa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nitaandika na hili kwa sababu daftari halina mdomo. Nilikuwa kwenye sufuria la tatu. Mwiko ukaniponyoka. Aisha aliona, kauokota, kaugeukia ukuta kana kwamba anausafisha. Hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Ijumaa, tarehe 8.

Tumbo. Siandiki.

Jumapili, tarehe 10. Mafiga.

Yusuph kasema sasa basi. Amesikia sifa za Filomena, mwenye mgahawa hapa hapa Mafiga anapoishi yeye Yusuph. Walimu wa chuo wanakula kwake, wanafunzi wanakula kwake, hata wenye wake nyumbani wanakula kwake. Leo kapikia ukoo pilau ya kuonja, watu arobaini, tukubaliane.

Nimefika mgahawani mapema. Nimemkuta mwanamke wa makamo, mtu wa Mgeta, mikono minene, maneno machache. Nimeuliza nyama kachinja nani. Kasema Abdi wa msikitini. Nimeuliza mara tatu, kajibu mara tatu, hakununa. Hapo nikaogopa. Mpishi asiyenuna ni hatari.

Nikafunua sufuria. Kitunguu kimekuwa rangi ya asali. Mdalasini umejua mahali pake. Supu inachemka, mchele unasubiri kwenye ungo. Nikaona kiti kile cha harusini. Nikajiona juu yake.

Filomena katoka kumpokea Yusuph getini. Chumvi ilikuwa pale. Kiganja kimoja. Cha pili. Nikafunika. Nikakaa na kuvuta uradi.

Kwetu Kinole chumvi inaingia na kitunguu. Kila mtu anajua. Kwa hiyo sufuria lile lilikuwa na chumvi yake tayari, na hivi viganja vyangu viwili vingelifanya bahari. Kumbe watu wa Mgeta hawatii mpaka supu ichemke! Filomena alikuwa hajatia hata punje! Karudi, kachota supu kwa upawa, kaonja. Kasimama kidogo. Kaniangalia. Nikaangalia dari. Kamimina mchele.

Pilau ikapakuliwa. Yusuph kafunga macho. Kasema nyama imeiva, mchele umechambuka, lakini chumvi! Chumvi imekaa mahali pake hasa! Mke wake kasema kweli, chumvi. Salma kasema hajawahi kula pilau yenye chumvi ya kupimwa namna hii. Sifa ya kwanza nilivumilia. Ya pili nilivumilia. Lakini kusikia mjukuu wangu, kwenye pilau ya harusi yake, anamsifu mtu mwingine kwa kiganja changu!

Nikasimama. Mwenyewe! Nikasema chumvi hiyo ni yangu!

Yusuph kauliza yako vipi, Mama? Nikaeleza. Nilipokuwa naeleza nilisikia ninachokisema, lakini nilikuwa nimeshafika kiganja cha pili.

Kauliza mtu anatiaje chumvi kwenye sufuria la mwenzake mwenyewe akiwa hayupo. Nikasema ni kusaidia. Kasema Mama. Neno hilo moja tu. Hata Aisha kaweka simu chini.

Hukumu: Filomena anapika. Mimi siku ya harusi nisisogelee jiko, hatua ishirini. Kazipima kwa miguu yake uani, mbele ya watu.

Jumanne, tarehe 12. Mafiga, kwa Yusuph.

Nimesusa. Sili, siongei. Nimekula kidogo asubuhi ili nipate nguvu za kususa.

Filomena kaja. Peke yake. Shikamoo Mama. Nikaitika kwa sababu marahaba hainyimwi mtu. Kakaa chini kwenye mkeka, hakutaka kiti. Kasema angekasirika, lakini alipoonja ile supu alishangaa. Yeye hupima kwa kijiko na bado hukosea. Kauliza nimepimaje kwa kiganja tu, na mvuke ule usoni. Nikamwambia nenda zako. Hakwenda. Kauliza mdalasini wa kwetu mlimani unauvunja au unautia mzima.

Mtu akiniuliza jambo la maana siwezi kumnyima. Nimemweleza mdalasini. Nimemweleza pilipili manga. Nimemweleza ukali wa kuni za mwembe na za mfenesi. Kuja kushtuka adhana ya alasiri. Kapiga magoti kuaga. Kasema Mama, mimi mama yangu alikufa kabla hajanifundisha, yote nimejifunza kwa kuunguza.

Nilipenga kamasi. Vumbi la Mafiga ni baya.

Jumapili, tarehe 17.

Salma kaolewa. Kapendeza kama mimi zamani.

Walinikalisha kwenye kiti, kama nilivyosema. Kitambaa cheupe, utepe nyuma. Aisha kasimama pembeni, mlinzi. Moshi wa jiko niliuona kwa mbali tu, nikautambua ni wa mfenesi. Filomena kasikia la mkubwa.

Pilau ilikuja. Nilionja. Haya, ilikuwa nzuri. Nimeandika, nisiulizwe tena.

Mara mzee mmoja wa upande wa bwana harusi kaja na sahani yake mkononi. Kasema ameambiwa bibi wa bibi harusi ndiye bingwa wa pilau Kinole nzima, na leo ameamini kwa ulimi wake. Hapo mtu mwema angesema hapana baba, aliyepika ni Filomena, yule pale anayefuta jasho. Nilifungua mdomo niseme hivyo hivyo. Ukatoka: karibu tena, baba, ongeza nyama.

Wakaja wengine. Shikamoo Bibi, mkono huu! Shikamoo Bibi, hukuzeeka! Foleni ikazidi ya kwa maharusi. Hakuna aliyenipita kwenda jikoni. Mwisho kaja mama mmoja mwenye wanawe wawili wanaooa siku moja, mwezi ujao, watu mia sita. Hataki kusikia mpishi mwingine. Nikamuuliza uwanja wake una kivuli? Kasema kipo kikubwa. Nikakubali.

Aisha kasikia. Kaninong'oneza Bibi, watu mia sita utawapikaje? Nikamwambia asiniulize mambo ya kitoto. Leo asubuhi nimeshaongea na Filomena. Atakuja kunisaidia. Atanunua, atachambua, atakaanga, atapika, atapakua. Kacheka sana, kakubali. Nimempa masharti mawili tu: asichelewe, na watu wakisifu anyamaze. Mpishi mwenye majivuno simtaki jikoni kwangu.