Naomba Kurudishiwa Maumivu Yangu ya Kiuno

Kwa Shangazi yangu mpendwa,
Mtabibu Mkuu, Chumba cha Tiba kwa Nishati (kilichokuwa stoo),
Nyumbani kwako.

Shikamoo Shangazi.

KUH: MALALAMIKO YA KUPONYWA BILA KUSHAURIWA VYA KUTOSHA

Natumaini barua hii inakukuta salama, nishati yako ikizunguka mwilini inavyopaswa. Sisi huku hatujambo, na huko kutokuwa na jambo ndiko hasa kunakonifanya nikuandikie.

Shangazi, kiuno changu unakijua tangu kilipoanza. Kilianza siku niliyonyanyua pipa la maji mbele ya mke wangu, wakati huo akiwa mchumba, ili aone kwamba naweza. Aliona. Pipa lilirudi chini, mimi nikabaki nimeinama, na harusi ikaendelea kwa sababu kadi zilikuwa zimeshatolewa. Tangu hapo maumivu yale yamekuwa mtu wa nyumbani. Niliyapeleka hospitali yakapigwa picha. Daktari aliiinua picha kwenye mwanga, akasema haoni kasoro yoyote. Nilimwonea huruma, kijana wa watu, macho kuanza kumharibikia mapema vile. Picha yenyewe niliitundika kwenye dirisha la sebuleni, na hakuna mgeni aliyewahi kunywa chai kwangu bila kuoneshwa pingili ya nne.

Ndipo mke wangu alipokupigia simu bila kuniambia. Sikulaumu kwa kupokea. Niliitwa, nikaambiwa nilale kifudifudi kwenye mkeka, na simu ikawekwa juu ya kiuno changu ikiwa na sauti ya mwisho. Ukasema, "Mwanangu, kiuno ni mlango. Huu wako umefungwa kwa ndani. Ufunguo anao nani?"

Nikajibu kwa adabu kwamba sijui.

"Anao mwenyewe!" mke wangu akajibu kutoka jikoni.

Ukagonga lile bakuli lako la shaba. Likalia ngoo, muda mrefu, na kiuno changu kikaanza kupata moto. Najua simu ikitumika sana hupata moto, Shangazi, mimi si mshamba. Lakini moto ule ulikuwa na nia. Ulipita mfupa kwa mfupa kama mkaguzi anayepita ofisi kwa ofisi. Nikasinzia. Nilipoamka simu ilikuwa imeteleza chini, nami nikainama nikaiokota, nikasimama. Nilikuwa nimeshasimama wima kabisa nilipogundua kwamba mke wangu yuko mlangoni, mwiko mkononi, ananitazama. Nilijaribu kuugulia. Nilikuwa nimechelewa.

Kutokana na tiba hiyo, nimepata hasara zifuatazo:

1. Kazini. Kama unavyojua, mimi ni karani wa masjala. Kwa ajili ya kiuno changu nilipewa kiti chenye mgongo mrefu na magurudumu, ambacho hata mkuu wa idara alikuwa akikitazama kwa jicho la husuda. Mke wangu alikutana na mkuu wa idara kwenye foleni ya benki, akamweleza habari njema. Kesho yake kiti kilikuwa kwa mhasibu, ambaye ni mjamzito na hana hata picha ya kuonesha. Mimi nimepewa stuli. Tena nimepewa na ngazi, kwa kuwa mafaili ya juu yanahitaji, nanukuu, "mtu mwenye afya."

2. Shemeji. Huyu ndugu wa mke wangu huhama nyumba kama wengine wanavyobadilisha mashuka. Zamani nilikuwa nikihudhuria uhamaji wake nikiwa nimekaa, nikishauri kabati lipite upande gani. Safari hii nilibeba friji. Ghorofa ya tatu, Shangazi, ngazi nyembamba, na shemeji yuko juu yangu anasema, "Inua kidogo, bwana mkubwa, si umepona?" Tulipofika juu akakumbuka kwamba jikoni hakuna soketi.

3. Benchi. Hili linaniuma kuliko friji. Nje ya duka la dawa, karibu na ofisi, kuna benchi ambalo mimi na wenzangu tulikuwa tukikaa kila siku wakati wa chakula cha mchana: dereva mstaafu mwenye goti, fundi cherehani mwenye shingo, na muuza magazeti ambaye ugonjwa wake ulikuwa unahamahama na kwa hiyo alikuwa na mazungumzo mengi kuliko sote. Pale tulikuwa tunajuliana hali kwelikweli. Mtu akiuliza "Umeamkaje?" alikuwa anataka kujua. Baada ya tiba yako nilifika, nikaketi, nikaulizwa kiuno kinasemaje. Nikasema hakisemi kitu.

Fundi cherehani akajaribu kugeuza shingo anitazame, akashindwa, akageuka mwili mzima. "Hakisemi kitu kabisa?"

"Kabisa."

"Hongera," dereva akasema, kwa sauti ya mtu anayekupa pole. Kisha wakaanza kuzungumza habari za dawa mpya ya kuchua, nami sikuwa na la kuchangia. Siku hizi nakula chakula changu juu ya ngazi.

4. Baba. Hapa, Shangazi, naomba uketi. Kaka yako, tangu apooze upande mmoja, anaishi chumba chetu cha mbele. Kumwogesha ilikuwa kazi ya jirani yetu fundi bomba, mtu mwenye moyo wa pekee, ambaye alikuwa akipita asubuhi kabla ya kwenda kwenye mabomba yake. Mimi nilikuwa nikisimama mlangoni nimeshika taulo, nikitoa maelekezo. Fundi bomba aliposikia nimepona alinipa mkono, akanishika bega, akasema, "Mungu ni mkubwa." Kesho yake hakuja. Wala sikuweza kumlaumu.

Basi nikaingia mimi. Baba alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani kama anayekagua ngazi mbovu. Nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikavuta. "Taratibu," akasema. "Mimi si faili."

Unamjua mzee huyu. Nilipofaulu mtihani wa kidato cha nne alinipa mkono kama mgeni rasmi. Nilipooa, vilevile. Sikumbuki hata siku moja aliyonikumbatia, na sijawahi kumdai. Lakini mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kusimamishwa kwa kupewa mkono. Lazima aegemee. Kwa hiyo kila asubuhi kidevu chake kinakuwa begani kwangu, na mkono wake mzima unanishika shati kwa nyuma, na uzito wake wote uko kwangu, na tunasimama hivyo katikati ya bafu mpaka miguu yake ipate habari kwamba tumesimama.

Madhara yake ni haya. Kwanza, anaongea. Akishamwagiwa maji ya vuguvugu anaanza kusimulia, na mengi yanakuhusu wewe. Sasa najua ni nani aliyeng'oa kengele ya baiskeli yake akaivaa shingoni kama mkufu. Pili, nachelewa kazini, kwa kuwa hakuna kisa chake kinachokwisha kabla ya mguu wa pili. Tatu, fundi bomba alipojitolea kurudi siku moja moja, Baba alimkataa mbele yangu, akasema yule ana mikono ya spana. Nne, ile sabuni. Sabuni tunayotumia, badala ya kumwingia yeye machoni, inaniingia mimi. Nimebadilisha aina mbili, na hii ya tatu imeandikwa kwamba ni ya watoto wachanga. Bado inaniingia.

Shangazi, mimi ni mtu niliyekuwa na maisha yaliyopangika. Nilikuwa na kiti, benchi, picha dirishani, na mlango wa kusimama nikiwa na taulo. Vyote umenivua kwa bakuli moja.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa heshima zote. Kama maumivu yangu bado yako hapo kwenye stoo, naomba unirudishie kwa njia ileile yaliyopita. Kama umeshayatupa, unipatie mengine ya uzito unaolingana. Sichagui, ila yasiwe ya jino. Kama kanuni za nishati haziruhusu kurudisha yote, nitaridhika na nusu: saa za kazi, na siku shemeji anapohama. Asubuhi naweza kukaa bila hayo, kwa sasa, mpaka Baba atakapomaliza kisa cha baiskeli. Na kama hata nusu haiwezekani, basi mfungue kiuno shemeji, ili naye aanze kubeba friji zake mwenyewe. Nisipopata jibu, nitalazimika kukata rufaa kwa yule mama aliyekufundisha, ambaye nasikia anaponya hata magari.

Nisalimie mume wako, na umwambie sikusahau kwamba alinionya nisipokee simu yako nikiwa nimelala chini. Wasalimie binamu zangu wote, na majirani zako ambao bado wana maumivu yao, waambie wayatunze. Mke wangu anakusalimu kwa furaha ambayo mimi siielewi. Baba anasema umrudishie kengele.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Karani wa Masjala,
mzima bila hiari yake.

Baada ya kutia saini: Shangazi, barua hii ilikuwa bado mezani leo asubuhi, haijaingia hata kwenye bahasha, maumivu yakarudi. Yamerudi palepale, tena na riba, nikiwa nimemshika Baba katikati ya bafu, mguu mmoja ndani ya beseni. Sikumwachia. Nilitoa sauti, akaniuliza ni nini, nikasema nimepaliwa na mvuke. Nimemaliza kumwogesha, nimemvalisha, nimemkalisha dirishani, nikaenda chooni nikajishikilia ukutani. Tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu na unipigie leo hii, kabla ya kesho asubuhi, ukiwa na bakuli. Upige simu yangu, usipige ya mke wangu. Usimwambie, wala usimwambie Baba, maana akijua atataka fundi bomba aitwe, kwa ajili yangu. Mke wangu ameshaniuliza mbona natembea hivi. Nimemwambia ni viatu vipya. Sina viatu vipya.