Mgeni Rasmi na Baiskeli ya Rustika

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye ukuta wa ofisi mjini Tabora, likiwa na mihuri mitatu, mmoja ukiwa umegongwa kichwa chini lakini kwa nguvu zote. Lilieleza kwamba Kurugenzi ya Uainishaji wa Magurudumu Yenye Utata, baada ya vikao kumi na vinne na semina elekezi mbili, imejiridhisha kuwa baiskeli yenye injini si baiskeli wala si pikipiki. Na kwa kuwa si kitu, haiwezi kuendelea kuwepo. Marufuku ingesomwa Ulyankulu siku ya Ijumaa, saa nne kamili asubuhi.

Mkurugenzi Nikolaus aliiandika marufuku hiyo kwa mkono wake mwenyewe, akaipenda kama mtu anavyompenda kitinda mimba. Baiskeli yenye injini alikuwa hajawahi kuiona. Hilo halikumsumbua hata kidogo, maana kuona kungeweza kuathiri uamuzi.

Ulyankulu nzima ilikuwa imebaki moja tu. Mwenyewe ni Rustika Manirakiza, fundi wa pampu za visima, mama wa makamo mwenye mikono ya kukaza nati bila spana. Vijiji kumi na kimoja vilimtegemea. Zamani pampu ikiharibika, alikanyaga baiskeli siku mbili kuifikia, na watu huku nyuma wanagombania dimbwi na ng'ombe. Akachukua fremu ya chuma, akaifungia injini ya mashine ya kumwagilia tumbaku, na tangu hapo akawa anafika kabla chai yake haijapoa.

Barua ya Kurugenzi ilimtaka aje na kitu chake mkutanoni ili kikamatwe mbele ya wananchi. Mgambo Silasi naye alipewa maagizo ya maandishi: mgeni rasmi atafika kwa gari, kitu kitafika kwa kelele, ampokee wa kwanza, akamate cha pili pamoja na waliokipanda.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ilipiga haswa. Katika nchi ile ile waliyopita wapagazi wa misafara na mizigo kichwani bila kusubiri kibali, barabara ililimeza gari la Mkurugenzi hadi milangoni, zikiwa zimebaki kilomita kumi na mbili. Dereva wake, Fikiri, alishuka, akatazama, akavua viatu.

"Mzee, hapa mpaka tupate maksai."

"Mkutano ni saa nne."

"Maksai hawana saa, mzee."

Ndipo kelele ikasikika. Rustika alitokea kwenye msitu wa miyombo, kofia ngumu kichwani, glovu mikononi, matope hadi magotini, akitokea kurekebisha kisima. Akasimama hatua moja kutoka kwenye kitambi cha Mkurugenzi bila hata kuteleza.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Hicho ndicho kitu chenyewe?"

"Ndicho. Nakileta kwako kikamatwe."

Mkurugenzi akatafakari kitaalamu. "Lazima kwanza nikikague," akasema. "Kikiwa kinaelekea Ulyankulu."

Rustika akamkabidhi kofia ya pili.

"Mama, mimi ni Mkurugenzi."

"Ndiyo maana nakupa iliyo mpya. Suruali ichomeke kwenye soksi. Tai iingie ndani ya shati, spoki zinapenda sana tai. Nikilala kushoto, na wewe lala kushoto, usinisahihishe."

"Ina nguvu kiasi gani?"

"Kuizidi fremu. Kwa hiyo fremu niliichomelea upya mara mbili, na breki nilizifunga kabla ya injini. Jirani yangu Ciza alianza na injini. Mpaka leo anakula kwa mkono wa kushoto."

Mkurugenzi akafunga mkanda wa kofia hadi shingo ikakunjamana, akapanda kwenye keria.

Mwanzoni alisali. Walipofika tambarare, Rustika akafungua mafuta, na miyombo ikaanza kukimbia kurudi Tabora. Kuku walitawanyika. Upepo ukaingia kwenye koti la suti, likavimba kama puto. Nikolaus akasikia mtu anapiga mayowe, "Ongeza! Ongeza, mama!" Akageuka kumtafuta mtovu huyo wa adabu. Nyuma hapakuwa na mtu.

"Siongezi," Rustika akajibu. "Mbele kuna mchanga."

Baada ya mchanga kulikuwa na dimbwi. Rustika alilipita taratibu, lakini lori la tumbaku lililotoka upande wa pili halikuwa na taratibu, nalo likamwogesha Mkurugenzi tope jekundu kuanzia kofia hadi soksi. Akacheka hadi akashikwa na kwikwi.

Saa nne kasoro dakika tano waliingia uwanjani. Silasi alisikia kelele, akasoma karatasi yake, akawakamata. Wakakalishwa kwenye benchi lililoandikwa VIELELEZO.

"Mimi ndiye mgeni rasmi!"

"Mgeni rasmi atafika kwa gari," Silasi akasoma. "Amesaini Mkurugenzi mwenyewe. Unataka nimpinge Mkurugenzi?"

"Lakini ni yeye kweli," Rustika akasema.

"Kielelezo hakimtolei ushahidi kielelezo mwenzake."

Nikolaus aliyapitia maagizo yale akitafuta mwanya. Hakuona. Yalikuwa yameandikwa vizuri mno, akajikuta anaona fahari. Akatulia.

Saa sita gari likaingia likivutwa na maksai wanne, Fikiri kwenye usukani. Kwaya ya parokia ikalipuka. Advera, mwenyekiti wa kijiji, akamvisha Fikiri shada la maua na kumkalisha meza kuu. Fikiri alijaribu kueleza, lakini wimbo ulikuwa na beti saba, na kiti kilikuwa na mto.

Hatimaye akapewa kipaza sauti. Kutoka benchini, bosi wake alikuwa anampungia mikono yote miwili. Watu wa vijiji kumi na kimoja walinyoosha shingo.

"Mheshimiwa," Advera akauliza, "hii baiskeli ya maji yetu ndiyo inapigwa marufuku?"

Fikiri aliyatazama magoti yake yaliyojaa tope.

"Kwa barabara ile? Zingekuwa mbili, na mimi ningeshafika zamani."

Vigelegele vikapasua uwanja. Rustika akaficha uso kwenye glovu, mabega yakimtikisika. Advera akamgeukia katibu: "Andika. Mgeni rasmi ameagiza itengenezwe ya pili."

Silasi akarudisha ufunguo wa baiskeli na kuwatangazia vielelezo kuwa wako huru. Chakula kikaletwa. Rustika na Mkurugenzi wakapanga foleni ya ugali pamoja na wananchi, na firigisi, kama ada, ikapelekwa meza kuu. Fikiri, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akimsubiri bosi wake ndani ya gari nje ya kila karamu, akaitazama firigisi, akamtazama Mkurugenzi aliyeshika sahani tupu juani, akaila.