Kwikwi Mbele ya Serikali

Leo nimeaibika mbele ya serikali. Si mbele ya chifu wala karani wa baraza. Serikali yenyewe, ya Nairobi, imevaa tai na imeshika kalamu.

Ngojeni nikae kwanza. Nimewakuta mmeshamimina chai na kila mmoja anauliza mbona macho mekundu hivi. Sijalia. Nitawaeleza yote sasa hivi kwa mdomo wangu mwenyewe, maana kesho mtayasikia sokoni yakiwa yameshaongezwa chumvi.

Najua baadhi yenu mnafikiri kazi yangu kule nyuma ya duka la vitambaa ni kupiga taipu barua za watu. (Mama yangu kule Ikonge amewaambia wanawake wa kanisa kwamba mimi ni aina fulani ya rubani. Sijui alilitoa wapi. Sijamsahihisha.) Kazi yangu ni kuendesha mashine ya kuchapa inayozungumza na kompyuta. Kompyuta yenyewe iko Nairobi, ni kubwa kama makabati yaliyopangwa ukutani, na imewekewa chumba cha baridi kama maziwa. Nikibonyeza herufi hapa Kisii, mashine yangu inaigeuza kuwa mlio, kama mluzi. Mluzi unapita kwenye waya wa simu hadi Nairobi, kompyuta inausikia, inajibu kwa mluzi wake, na jibu linachapwa kwenye karatasi mbele yangu. Basi. Kuna siku inafanya kazi, na kuna siku mvua imenyesha.

Mkubwa wetu ni Injinia Mutiso, mtu mpole, mwembamba, asiyejua kupumzika. Anachotafuta ni namna ya kuziunganisha kompyuta za miji mbalimbali ziongee zenyewe, tena kwa kasi, si kwa mwendo huu wetu wa kobe. Hospitali iulize hospitali nyingine, chuo kiulize chuo, jibu lirudi kabla hujafunga mlango. Lakini fedha za kuanzia zimekwisha. Leo ndiyo ilikuwa siku ya afisa wa wizara kuja kutazama, ili aamue kama serikali itoe fedha za kuendeleza utafiti.

Akikataa, mashine inarudishwa sandukuni, Injinia anarudi kufundisha hesabu, na mimi narudi Ikonge kuchuma chai. Kuchuma chai si aibu. Aibu ni namna nilivyowaaga wale wachumaji wenzangu nilipoondoka. Sitaki kurudia maneno niliyosema.

Sasa, kitu kimoja lazima mkielewe. Simu haiungwi na mashine kwa waya. Kuna kikasha chenye vikombe viwili vya mpira. Unaulaza mkono wa simu humo, sikio kwenye kikombe kimoja na mdomo kwenye kingine, na mashine inasikiliza mluzi kama vile wewe unavyosikiliza. Vikombe hivyo vilitengenezwa ng'ambo kwa simu za huko. Simu yetu haikukaa sawa humo, ilibaki nafasi. Kwa hiyo tunaifunika kwa kofia ya sufu. Ndiyo, kofia ya sufu, ile niliyofumiwa na mama kwa ajili ya baridi ya kwetu. Hata hivyo kelele ikiwa karibu inapenya, na ikipenya, mashine inadhani ni herufi na inachapa takataka.

Kelele ndiyo adui. Ndiyo maana asubuhi nilijipa kazi ya kunyamazisha mtaa. Injinia hakunituma, nilijituma. Nilimwendea fundi viatu nikamwomba aache nyundo mpaka wageni waondoke. Nilimwendea mwenye duka la redio nikamwambia azime, akaniuliza kwa amri ya nani, nikamjibu kwa amri ya serikali. (Nililisema vizuri sana hilo.) Akina mama wanaouza ndizi pale kona niliwaambia waongee kwa kunong'ona. Mmoja aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia utakuwepo, asiponyamaza.

Niliporudi mtaa ulikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Tukajaribu laini. Kwamboka, yule mwenzangu anayeunganisha simu hapa mjini, alitupa Nairobi bila matatizo, na tukamwomba asiingilie wala asisikilize. Nilichapa sentensi, ikaenda, ikarudi safi. Injinia alitabasamu. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake yote.

Wageni walikuwa waje asubuhi. Hawakuja. Saa zikapita. Tukapata habari kwamba lori la ndizi limelala katikati ya barabara huko Keumbu, na gari la wizara liko nyuma yake. Mimi tangu jana sikuwa nimekula, kwa wasiwasi. Njaa ikanibana. Nikatoa kwenye mkoba kiazi kitamu cha jana, kikavu, hakuna chai, hakuna maji, nikakiuma nusu.

Gari likapiga honi nje.

Ningeweza kukitema. Watu wenye akili wangekitema. Mimi nilikimeza chote kwa mkupuo, kikashuka polepole kama lifti ya jengo la serikali, nikafuta mdomo, nikasimama mlangoni.

Afisa anaitwa Bwana Mwakio, mtu wa Taita, mzee wa makamo mwenye sauti ya chini na Kiswahili kilichonyooka kiasi cha kukufanya uogope kufungua kinywa. Alikuja na dereva wake tu. Alinipa mkono akasema amefurahi kufika. Nami nilikuwa nimejiandaa kwa salamu nzuri, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima.

"Karibu sana Kisii, mheshi-hik," nikasema.

Akaniangalia. Nadhani alidhani ni neno la Kikisii.

Injinia akamweleza mradi wote kuanzia mwanzo, na nashukuru Mungu maelezo yalikuwa marefu, kwa sababu muda wote huo nilikuwa kwenye kona nimebana pumzi. Kwikwi ikatulia. Nikajiambia imeondoka. Nikaketi kwenye mashine. Kwamboka akatupa laini, nikalaza mkono wa simu, nikaufunika kwa kofia. Injinia akamwomba mgeni achague maneno yake mwenyewe ili asidhani tumepanga. Yaende Nairobi, kompyuta iyapokee, iyarudishe yalivyo. Bwana Mwakio akafikiri kidogo, akasema niandike: nchi yetu inasonga mbele kwa kasi.

Nikaandika. Maneno yakaenda. Chumba kikanyamaza, mtaa ukanyamaza, na mashine ikaanza kuchapa jibu: NCHI YETU INA

Hik.

Jamani, haikuwa kwikwi ya kawaida. Ilitoka chini kabisa, kule kiazi kilikokuwa. Mashine ikasita, kisha ikamalizia: NCHI YETU INA?%X)GA MBELE KWA KASI.

Injinia akamwambia mgeni kwamba laini za huku zina unyevu, hasa upande wa milimani. Bwana Mwakio akachungulia nje. Jua lilikuwa linawaka.

Turudie, akasema Injinia. Nikaandika tena. Nikajaza hewa kifuani, nikafunga mdomo, nikabana na pua. Jibu likaanza kurudi. NCHI YETU INASONGA. Macho yakaanza kunitoka machozi. MBELE. Masikio yakaanza kuimba. KWA KA. Nikajua nimeshinda. Basi ndipo ikaja, na kwa kuwa nilikuwa nimeifungia njia zote, ilipasuka kama mlango uliopigwa teke. Mashine ikachapa alama za mshangao mpaka mwisho wa mstari, ikarudi, ikaanza mstari mwingine wa alama za mshangao.

Hapo hakuna aliyetaja unyevu.

Injinia akanong'ona kwamba nitoke nje, yeye atachapa. Nikatoka. Lakini Injinia huchapa kwa kidole kimoja, na kila herufi huitafuta kana kwamba imefichwa na adui. Nilimsikia akikosea, akifuta, akikosea. Mwishowe akaniita ndani tena, na sasa tatizo langu likawa jambo la kikao. Walijadili, nikiwa nimekaa katikati yao. Injinia alipendekeza maji. Nikanywa maji. Hik. Bwana Mwakio akasema kwao mtu huinama na kuhesabu kimya. Nikainama mbele ya afisa wa serikali nikahesabu kimya. Hik.

Kisha dereva, aliyekuwa ameegemea mlango, akasema ana watoto wengi na dawa anaijua. Akachana kipande kidogo cha karatasi ya mashine, akakilowesha kwa ulimi, akaniambia, "Dada, samahani," akanibandika kwenye paji la uso. Kama mtoto mchanga. Mnaijua dawa hiyo, mmewafanyia watoto wenu. Mimi nimefanyiwa leo, mtu mzima, mwenye cheti, nimevaa gauni la kanisani.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniumiza. Wangecheka ningepumua.

Tukajaribu kwa mara ya mwisho. Nikaandika, karatasi ikiwa pajini. Tukangoja. Nikatulia. Hakuna kitu. Jibu likaanza: NCHI YETU INASONGA MBELE. Injinia alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Mimi nikahisi kitu kidogo tu, kakwikwi kadogo, ka mwisho, nikakaachia kwa upole ndani ya kiganja. Hik. Hata fundi viatu pale nje hakukasikia.

Lakini kuna mtu alikasikia. Kutoka ndani ya kofia ya sufu ikatoka sauti ya mwanamke, ya huruma kabisa, imezibwa kidogo na sufu.

"Moraa? Ni wewe tangu saa ile? Kunywa maji ukiwa umeinama, mwenzangu, na usimeze chakula kikavu."

Kwamboka. Tulimwomba asisikilize. Mashine nayo ikajitahidi kuchapa ushauri wake wote. Ilijaza karatasi kwa mabano, asilimia na alama za kuuliza, ikaendelea hata baada ya yeye kunyamaza, mpaka Injinia alipoinama akachomoa waya ukutani.

Mikono niliiweka mapajani. Karatasi ya pajini ilianguka yenyewe mezani, taratibu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga moyoni nitawaambia nini wachumaji wa Ikonge. Injinia alikuwa anatazama sakafu. Nilimwonea uchungu kuliko nilivyojionea mwenyewe. Amelala kwenye chumba kile mara nyingi kuliko nyumbani kwake.

Bwana Mwakio akavuta kiti akakaa. Akaichukua ile karatasi ndefu ya takataka, akaisoma yote, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma gazeti. Akauliza kwa utulivu: kama hii ingekuwa hospitali ya hapa inauliza Nairobi aina ya damu ya mgonjwa, na muuguzi akapiga chafya, mgonjwa angewekewa nini?

Injinia akasema ukweli. Akasema hawezi kujua.

Mgeni akauliza dawa yake ni nini. Hapo Injinia akainua kichwa. Akaeleza kwamba kwanza unatupa hivi vikombe na kuunga mashine kwenye waya moja kwa moja, laini yake peke yake, isiyopita kwa mtu wa kuunganisha. Pili unaifundisha mashine kujikagua, ili ikipokea herufi iliyoharibika ijue imeharibika na iombe itumiwe tena, yenyewe, upesi, bila mtu kujua. Akasema hilo la pili hakuna mtu hapa nchini anayelijua vizuri bado, na kulijua kutachukua muda na watu.

"Na huo ndio utafiti mnaoombea fedha?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mbona mlihangaika kunionyesha kwamba mambo ni mazuri?" Bwana Mwakio akaikunja ile karatasi. "Mngenionyesha sentensi safi, ningerudi nikaandika kwamba kazi imekwisha, fedha za nini tena. Mambo niliyokuja kutafuta nimeyaona kwa huyu binti."

Akaniaga kwa mkono. Akaniambia nisione haya, yeye mwenyewe alishawahi kushikwa na kwikwi siku ya kuoa, padri akauliza swali lile mara mbili. Akaomba abaki na ile karatasi, akaingia kwenye gari wakaondoka. Kwikwi ikakoma palepale walipopinda kona.

Mtaa ukaanza kupiga kelele tena. Injinia alikuwa anacheka peke yake, anatembea chumbani huku na huku. Anasema mgeni amemwahidi kuipendekeza kazi yetu, ingawa uamuzi wa mwisho ni wa wakubwa zaidi. Nikamuuliza kama ripoti itanitaja. Akasema hapana, kwa jina hapana. Kwa lugha ya kitaalamu nitaandikwa "kelele za chumbani".

Kwa hiyo fedha zikitoka, watu wenye shahada watakaa Nairobi miaka na miaka wakitafuta namna ya kunizuia mimi. Sasa mnaweza kunipa chai. Na wewe uliyeficha uso nyuma ya kikombe, nakuona.