Hakuna Kopo Tupu Nyumba Hii

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kaniuliza tena kama nimepata chumba. Kauliza kwa upole, macho kwenye kikombe. Mama yake anakuja Jumapili na kochi ninalolalia litahitajika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nina miezi kadhaa na jembe sijaliona! Namshukuru Mungu kwa shemeji wa namna hii. Lakini kochi siliachii.

Jioni, bahati. Mpwa wangu wa darasa la kwanza ametakiwa na mwalimu atengeneze kitu kinachohitajika kwao, kwa vyombo vya plastiki vilivyokwisha kazi. Maonyesho Ijumaa. Dada kaniomba nimsaidie. Mtoto akishinda, nani atamfukuza mjomba wake? Nimekubali kabla dada hajamaliza kusema.

Jumanne, 4 Machi

Pigo! Hakuna kopo tupu nyumba hii. La siagi lina vifungo. La aiskrimu nimelifungua kwa matumaini makubwa: maharage. Dumu la mafuta ya kupikia lina sabuni ya maji. Dada hatupi kitu. Nimeshukuru kwa kuwa na dada mtunzaji, nikasubiri aende kazini, nikamimina vyote. Vifungo nimevitia kwenye maharage, vitachambuliwa. Chumvi na sukari, chupa mbili mbili, ziko bakuli moja, kila moja upande wake. Bakuli limetikisika kidogo tu.

Mpwa anataka kutengeneza kitu kidogo cha bafuni. Nimemweleza kwa upendo kwamba vitu vidogo havishindi. Tunatengeneza ndege. Kauliza ndege ya nini nyumbani. Maswali ya watoto!

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kanywa chai ya asubuhi. Kanyamaza. Kameza. Kasema asante. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo sikuusikia, nikashukuru.

Mchana nimechungulia kwa jirani yetu, fundi saa. Mjukuu wake yuko darasa moja na mpwa wangu. Mzee anamtengenezea treni! Magurudumu ya vifuniko, tena yanazunguka! Mjukuu mwenyewe kakaa pembeni anakula ndizi. Aibu gani hii, mtu mzima kumfanyia mtoto kazi ya shule? Nimerudi mbio kukata mabawa na chupa za injini. Mpwa kaomba afanye na yeye kidogo. Sina nafasi hiyo. Nimempa mabaki achezee.

Alhamisi, 6 Machi

Ndege imekamilika! Mwili wa dumu, mabawa ya kopo la aiskrimu, injini nne za chupa. Nimepaka gundi kila mahali, nikaianika palipoinuka na penye jua: juu ya gari la shemeji.

Shemeji kaondoka na gari.

Nimekimbia hadi kona nikipiga kelele. Yeye kanipungia mkono. Mbele ya soko ikang'oka, lori likapita juu yake. Jioni kaniletea kitu bapa kama sahani, akasema pole. Bawa moja limebaki juu ya gari, halibanduki. Hata kwa hilo hakunigombeza! Nimelia bafuni. Hata hivyo, ndege yangu ilisafiri. Treni ya fundi saa haijafika hata getini kwao.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejikaza kisabuni, nikaenda shuleni na dada na shemeji kushuhudia mtoto akiaibika. Treni ilikuwa mezani inang'aa. Mjukuu alipoulizwa ameitengenezaje, akasema aulizwe babu. Nimeshukuru kimoyomoyo.

Kisha mpwa akatoa kitu mkobani. Mabaki yangu! Shingo nne za chupa, kazibandika juu ya kifuniko cha kopo la siagi. Kasema ni cha kuwekea miswaki. Wa baba, wa mama, wake. Mwalimu akauliza, na tundu la nne? Kasema ni la mjomba, maana mswaki wake unalala ndani ya kiatu, na mjomba ni mtu wa kwetu.

Hakushinda. Kashinda mtoto mwenye bustani ndani ya chupa. Lakini dada alikuwa anafuta macho, na shemeji kaangalia dari muda mrefu. Tulipofika nyumbani kaniomba mswaki wangu. Kauosha mwenyewe, kauchomeka kwenye tundu la nne. Ninampenda sana mtoto huyu.

Jumapili, 9 Machi

Mama wa shemeji kafika. Atalala chumbani na mjukuu wake, shemeji kaamua hivyo. Kochi langu! Nimemshukuru Mungu, dada, mpwa, na shemeji, ambaye siku hizi anakunywa chai bila sukari na anasema ameizoea. Zaidi ya wote naishukuru akili yangu. Bila mimi kukata mabawa, mabaki yangetoka wapi? Yote niliyapanga, ila sikujua kwamba nimepanga.

Sasa nasikia fundi saa anatengeneza cha miswaki. Matundu sita! Hanipati. Nitatengeneza cha mtaa mzima. Shida ni makopo tu. Dada kayafungia kabatini, ufunguo anatembea nao.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Bibi kaja na kikapu kimejaa makopo mazuri ajabu, yenye vifuniko vya kubana. Yeye kajilaza, kachoka na safari. Moja lina unga mweupe, na jingine lina unga mweupe vilevile. Nimeumimina pamoja, kuokoa nafasi.