Mkurugenzi Aliyeinama

Serikali ya mkoa ilitangaza, kwa fahari na vipaza sauti, kuanzishwa kwa Idara ya Nyonga za Mbali. Mzee aliyewekewa nyonga ya bandia asingehangaika tena kushuka milima kwenda hospitali kufanyishwa mazoezi. Mazoezi yangemfuata nyumbani, kwenye skrini.

Bibi Fumie Kuwabara aliipokea skrini yake, pamoja na mashine ya kupima kila anavyojikunja, kwa mikono miwili. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: sikukuu ya wafu ilikaribia, na kaburi la mumewe liko juu, mwisho wa ngazi za mawe za hekalu. Idara ilikuwa imeagiza asipande ngazi yoyote mpaka mashine imfaulishe.

Daktari naye alimkataza kuinama. Nyonga mpya ikikunjwa sana, huchomoka.

Kila asubuhi, kabla ya mazoezi, Mkurugenzi Odagiri mwenyewe alijitokeza kwenye skrini na kuzisalimu nyonga zote za mkoa, akiinama hadi utosi ukaonekana. Fumie, mtu aliyelelewa akaleleka, aliinama zaidi. Mashine ikalia, ikamrudisha somo la kwanza.

“Bibi, akiinama wewe mtazame tu,” alisema Shiori, binti wa mazoezi ya viungo aliyetumwa kumsimamia nyumbani.

“Nimkodolee macho kama mbuzi? Mkurugenzi mzima?”

“Nyonga itachomoka.”

“Ichomoke ikiwa na adabu.”

Shiori akapeleka malalamiko juu. Idara ikaunda Kamati ya Kuinama. Kamati ilikaa, ikala, ikagundua kwamba wazee wote wa mkoa walikuwa bado somo la kwanza, ushahidi tosha kwamba somo hilo linapendwa. Kuhusu salamu, iliamua kuwa kuifuta ni utovu wa heshima. Badala yake Mkurugenzi angemwomba Bibi Kuwabara radhi, mbele ya waandishi wa habari. Na radhi, kama kila mtu ajuavyo, huombwa kwa kuinama zaidi.

Siku ilipofika, Odagiri alisema maneno yake kwenye skrini, akainama mpaka tai ikagusa magoti. Mgongo wa Fumie ukaanza kwenda wenyewe. Kisha akakumbuka: anayeombwa radhi hainami. Na anayeomba hainuki mpaka ajibiwe.

Fumie alishika kiti, akainua mguu pembeni taratibu, kama alivyofundishwa.

“Bibi, mjibu basi,” Shiori alinong'ona.

“Bado namfikiria.”

Mashine ikampandisha somo la pili, la tatu, ikaendelea. Kwenye skrini utosi wa Mkurugenzi uligeuka mwekundu kama achari ya plamu. Fumie alipofaulu la mwisho, alikohoa kidogo.

“Yameisha, baba. Inuka.”

Odagiri akainuka kwa pupa, kizunguzungu kikamchota, akaangukia nyonga.

Sikukuu ya wafu ilimkuta Fumie juu ya ngazi, akimhadithia mumewe yote, hata rangi ya ule utosi. Kule mjini, Odagiri aliketi mbele ya skrini yake na nyonga yake mpya. Kaimu Mkurugenzi akajitokeza, akamwinamia kwa heshima zote za cheo.

Odagiri ni mtu wa adabu. Mashine ikalia.